Mpaka Orioles Washinde

Baltimore, 12 Januari 1988

Darrell,

Habari za huko. Mimi mzima, ukiacha mgongo na baridi. Natumaini Rosalie hajambo na tumbo lake, na wewe hujambo kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo baada ya Jumamosi ile.

Usishangae kupata barua yangu. Rosalie ndiye kaniambia niandike. Juzi nilimpigia simu nikasema, mwambie mumeo Cleveland wamewatandika vizuri sana. Akasema, "Baba, nimechoka kuwa tarumbeta lenu. Ukitaka kumtukana Darrell mtukane mwenyewe." Na wewe kwenye simu sikusikii. Miaka thelathini ya mashine ya kuvunja lami imekula masikio yangu. Rosalie ana sauti ya mama yake, inapenya. Yako ni mbu ndani ya chupa.

Basi nakutukana kwa barua.

Cleveland wamewatandika. Siwapendi Cleveland. Hakuna mwenye akili zake anayewapenda Cleveland. Lakini Jumamosi nilisimama baa kwa Lojza nikawapigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Tatizo lenu ni lile paa. Mnacheza futiboli ndani ya nyumba, juu ya zulia, kama watoto walioambiwa na mama yao wasitoke kuna mvua. Futiboli hii yetu ya kubeba mpira mikononi ni kazi ya nje. Ni matope, na pua inachuruzika, na jitu linakurukia kifuani mpaka kofia yako ngumu inatazama nyuma. Mimi na marehemu mke wangu Marie tulikaa kwenye mbao zilizoganda pale uwanjani Mtaa wa 33 mpaka makalio yakafa ganzi. Timu ilituona. Ilijua tupo.

Halafu yakaja malori. Machi ya 84, usiku, theluji inaanguka, mwenye timu akapakia kila kitu akaleta kwenu. Hakuaga mtu. Tuliamka asubuhi Colts haipo, hata kofia zimekwenda. Mwaka mmoja baadaye ukaja wewe na lori lako la milango, ukaingia kununua mkate pale alipokuwa anauza Rosalie. Watu wa Indianapolis mna mambo na malori nyinyi.

Mwambie binti yangu asibebe vitu vizito. Na wewe usimbebeshe.

Baba yake Rosalie,
Emil Kratky


Indianapolis, 21 Januari 1988

Shikamoo Baba,

Sisi huku wazima. Rosalie mzima, mtoto mzima, anapiga mateke kama anadai kodi. Wewe na mgongo wako tunawaombea wote wawili.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea Rosalie, akacheka mpaka akashika tumbo akasema nyamaza nitazaa sasa hivi. Amefurahi, ingawa anajifanya kanuna. Kasema barua ndefu hivyo hujawahi kumwandikia yeye tangu azaliwe.

Sasa nijitetee. Kwanza, lori langu halikubeba timu. Usiku ule nilikuwa Toledo na milango mia mbili ya shule. Pili, Rosalie sikumbeba. Alipanda mwenyewe, akakaa mbele, na kabla hatujatoka Baltimore alikuwa ameshabadilisha stesheni yangu ya redio. Tangu siku ile sijaigusa.

Kuhusu paa. Baba, huku mwezi wa kwanza ukitema mate yanagonga chini kama jiwe. Hatuoni aibu kuwa na akili. Na kabla hujatucheka kwa kupigwa na Cleveland, kumbuka sisi angalau tulifika hatua ya mtoano, huko kwenye kupigwa. Nyinyi mmebaki na besiboli peke yake. Hao Orioles wenu mwaka jana walimaliza wa ngapi? Usijibu. Najua ni wa pili kutoka mkiani.

Haya, matusi yameisha. Kuna jambo.

Daktari anasema mtoto ni mwisho wa Aprili. Rosalie hatakuambia hili, ndiyo maana nakuambia mimi. Anataka uje. Mama yake hayupo. Mama yangu yuko Florida na mume mpya, na Rosalie anasema huyo akiingia chumbani yeye atatokea dirishani. Juzi nilimkuta anakunja nguo za mtoto, nikamwuliza unawaza nini, akasema, "Nawaza Baba atasimama mlangoni na kofia mkononi, haingii wala hatoki." Akacheka. Halafu hakucheka.

Chumba kipo. Njoo.

Mkweo,
Darrell Hostetter


Baltimore, 3 Februari 1988

Darrell,

Barua nimepata. Asante kwa habari za nyumbani. Hapa theluji imejaa, tunatia chumvi barabarani kutwa. Mimi mzima.

Siwezi kuja.

Nakueleza ili usidhani ni kiburi. Asubuhi ile ya malori sikwenda kazini. Nilikwenda kwa Lojza. Baa ilijaa wanaume wazima wanalia. Nikapanda kwenye kiti, nikaapa mbele ya wote: mguu wangu hautakanyaga Indianapolis maadamu niko hai. Lojza alikuwepo. Hruby, mwenzangu wa baa, alikuwepo. Harusi yenu ilifanyika hapa ndiyo maana uliniona.

Utasema ni maneno ya baa. Ndiyo. Lakini niliyasema mimi.

Marie alikuwepo nyumbani siku ile. Niliporudi akasema, "Umeapa nini tena?" Nikamwambia. Akasema, "Vizuri. Sasa Jumapili utakaa na mimi." Miaka yote Jumapili tulikuwa uwanjani. Vuli ile hatukuwa na uwanja. Ndipo akaugua. Jumapili zote nilikuwa pembeni ya kitanda chake, sikuwa na pengine pa kwenda. Novemba akafa. Hilo ndilo jema pekee hao wezi waliloniachia.

Sijui kwa nini nimekuandikia hayo.

Rosalie asikwee ngazi kufuta madirisha. Namjua.

Baba yake Rosalie,
Emil


Indianapolis, 16 Februari 1988

Shikamoo Baba,

Tunakusalimu sote. Madirisha alikuwa ameshayafuta kabla barua yako haijafika. Wewe na mimi tumechelewa.

Hayo ya Jumapili za Mama sikuwa nayajua. Rosalie naye hakuyajua yote. Alichukua barua yako akaingia nayo chumbani, na mpaka leo hajanirudishia.

Sitakuita mkaidi. Mkeo alishakuita hivyo vya kutosha, naambiwa. Ila nakuuliza kama mwanaume kwa mwanaume: hakuna namna? Hicho kiapo uliapa mbele ya watu, hukuapa kwa mizimu. Waulize wenzako. Mimi nitashusha bendera ya Colts mlangoni. Nitaficha vikombe. Mbwa tutamwita jina lingine kwa muda, kwa sababu sasa hivi, samahani, ana jina la mchezaji.

Rosalie ameniambia nikuache. Anasema, "Usimsukume Baba, ukimsukuma anakuwa ukuta." Basi sisukumi. Nimebisha hodi tu.

Mkweo,
Darrell


Baltimore, 28 Machi 1988

Darrell,

Natumaini mko salama. Mimi mzima. Mgongo umepona kidogo, baridi imepungua.

Nilichelewa kujibu sababu kesi ilichukua muda.

Nilipeleka jambo lako kwa Lojza. Nikasema binti yangu anazaa, ninataka kiapo kifunguliwe. Lojza akafuta kaunta, akasema, "Kiapo kililiwa hapa. Kitafunguliwa hapa." Akazima televisheni. Hapo ujue ni mambo mazito.

Mmoja akasema, "Mwache mzee aende, mtoto ni mtoto."

Hruby akasema, "Kiapo ni kiapo. Mimi niliapa sitaongea na kaka yangu na sijaongea naye."

"Kaka yako si alishakufa, we mpumbavu?"

"Ndiyo. Na sijaongea naye."

Tulibishana hivyo Ijumaa tatu. Mwisho tukakubaliana hivi. Kiapo hakivunjwi, kinabadilishwa na kingine. Kwa kuwa futiboli ndiyo iliyonifunga, besiboli inifungue. Siku Orioles watakaposhinda mechi ya kwanza ya msimu huu, mimi huru. Kabla ya hapo sitoki. Tukagonga chupa wote. Nimeapa upya.

Msimu unaanza tarehe nne Aprili, hapa hapa nyumbani. Mtoto ni mwisho wa Aprili. Kwa hiyo hakuna wasiwasi. Besiboli wanacheza karibu kila siku. Huo ndio uzuri wake. Futiboli ukifungwa Jumapili unatembea na sumu wiki nzima. Besiboli ukifungwa leo, kesho wanavaa tena. Hamna saa ukutani ya kukuambia muda umekwisha. Na hakuna timu mbovu kiasi cha kukosa kushinda hata mara moja wiki ya kwanza. Hata hii yetu.

Likizo nimeshaomba. Mwambie Rosalie aandae kitanda. Kiwe kigumu, kwa ajili ya mgongo.

Mbwa mwache na jina lake. Si kosa la mbwa.

Baba yake Rosalie,
Emil


Indianapolis, 13 Aprili 1988

Shikamoo Baba,

Habari za wiki mbili. Tunakutakia afya njema, na tunawatakia Orioles afya njema zaidi.

Baba, kuna nini huko?

Barua yako ilipofika Rosalie alicheza jikoni na tumbo lile. Kitanda kikatandikwa. Nikaweka ubao chini ya godoro. Siku ya kwanza nikawasha redio kwenye lori, wamefungwa kumi na mbili kwa bila. Nikasema sawa, siku ya kwanza. Halafu kesho yake. Halafu kesho yake. Sasa kila nikishusha milango mahali nawauliza watu Orioles vipi, wananicheka. Jana mlinzi wa ghala aliniuliza, "Wewe wa Baltimore?" Nikasema hapana, mimi ni mkwe. Akasema pole.

Sijawahi kuiombea timu ya Baltimore maishani. Sasa naomba na kofia nimevua.

Lakini Baba, si utani tu. Presha ya Rosalie imepanda. Miguu imevimba, viatu haviingii. Daktari kamwambia alale ubavu wa kushoto, asisimame ila kwenda chooni. Amelala hapo anatazama ukuta, na wewe unamjua, ukuta umeshakoma.

Kama unaweza kuja bila kungoja, njoo. Lojza na huyo Hruby niletee mimi, nitaongea nao.

Mkweo,
Darrell


Baltimore, 20 Aprili 1988

Darrell,

Barua yako nimepata. Mpe pole Rosalie. Mwambie Marie naye alivimba miguu alipokuwa na mimba yake yeye. Chumvi apunguze. Aachane na zile nyama za kopo. Miguu iwe juu kuliko moyo, weka mito miwili. Marie alitoka salama. Mwambie hivyo kila siku.

Hawajashinda.

Sijui nikuambie nini. Nimetazama mchezo huu tangu nikivaa kaptula. Sijaona kitu kama hiki. Mrushaji akirusha vizuri, wapigaji wamelala. Wapigaji wakiamka, mrushaji anarusha kama anawalisha kuku. Juzi mtu wetu alidaka mpira, akaudondosha, akautazama kama haujui. Kocha walimfukuza baada ya mechi sita. Wanawe wawili wanachezea timu hiyo hiyo. Jioni ile ile walivaa jezi wakaingia uwanjani. Nilizima redio. Nikaiwasha tena, wakafungwa.

Mji wote umechanganyikiwa. Kuna mtangazaji wa redio kaapa hatoki hewani mpaka washinde. Anakula hapo, analala hapo. Kwa hiyo si mimi peke yangu. Barabarani tunavunja lami, watu wanapita na magari wanapunga mkono, wanauliza, "Leo?" Tunajibu, "Leo." Kesho wanauliza tena. Sijawahi kuona watu wa Baltimore wanapendana hivi.

Unasema nije bila kungoja. Sikiliza. Wenzangu siwaogopi. Hruby akinicheka nitamcheka, ana vitu vingi vya kuchekwa. Ni hivi. Kiapo ukikivunja hakifi. Kina pa kwenda. Baba yangu alivunja kimoja, na sisemi kilikwenda wapi, ila nilikuwa na dada. Sasa na huyo mtoto karibu hivyo, na Rosalie amelala na presha. Sitaki kuwa mimi ndiye niliyekileta mlangoni kwenu.

Ukinicheka sawa.

Watashinda kesho. Lazima. Begi nimelifunga liko mlangoni, nalipita kila asubuhi.

Baba yake Rosalie,
Emil


Indianapolis, 23 Aprili 1988, hospitali

Shikamoo Baba,

Naandika nimeweka karatasi gotini. Nitaituma kwa haraka, wamesema itakufikia Jumanne.

Wamemlaza. Presha haishuki. Kichwa kinamuuma, na jana aliona vimulimuli machoni. Madaktari wanasema wiki hii watamzalisha wenyewe, hawangoji tena. Wanaongea nami kwa upole sana. Sipendi wanapoongea kwa upole.

Kila asubuhi akifumbua macho anauliza, "Wameshinda?" Manesi wanadhani ni shabiki. Mmoja kamtafutia beji ya Orioles, Mungu anajua kaitoa wapi mji huu, wamembandika kwenye mto. Hawajui anauliza nini.

Jana aliniambia, "Darrell, mwandikie Baba umwambie wameshinda. Mdanganye." Nikamwambia babako ana redio. Akasema, "Basi tuikate antena." Tukacheka, halafu akanikamata mkono, Baba, akaukamata kwa nguvu.

Kuhusu hicho ulichosema cha kiapo na pa kwenda. Sikucheka. Mimi nimekuwa nikikojoa upande uleule wa lori kila kabla ya mechi ya Colts kwa miaka minne, siwezi kumcheka mtu. Lakini nimewaza nikiwa kwenye kiti hiki. Wewe unaogopa kitakachomfika ukija. Sisi tunajua kinachomfika usipokuja, kwa sababu kiko hapa, tunakitazama.

Sisukumi.

Mkweo,
Darrell


Baltimore, 10 Mei 1988

Darrell,

Nimefika salama. Basi lilichelewa Columbus, si neno. Natumaini Rosalie anaendelea kupata nguvu na presha iko chini. Mtoto hajambo? Anyonye kwanza upande wa kushoto, nesi alisema. Najua unajua. Nakukumbusha.

Tulikaa nyumba moja siku kumi na hatukuongea sana. Mimi sikusikii, na wewe ulikuwa unapika. Sasa nakuambia kwa barua, barua tumeizoea.

Barua yako ile ya hospitali ilinikuta natoka kazini. Niliisoma nimesimama mlangoni. Buti sikuvua. Nilikwenda moja kwa moja kwa Lojza na begi mkononi.

Nikasema, "Naenda."

Hruby akasema, "Hawajashinda."

"Najua."

"Wanacheza leo, mzee. Ngoja basi. Masaa matatu tu."

"Wakifungwa?"

"Kesho wanacheza tena."

Nikamwambia, Hruby, mimi niliapa kwa ajili ya timu iliyonikimbia. Halafu nikaapa kwa timu isiyojua kupiga mpira. Binti yangu hajanikimbia wala hajaniangusha. Yeye sijamwapia kitu hata siku moja.

Lojza akatoka nyuma ya kaunta akanifunga shali shingoni kama mtoto. Akasema, "Nenda, Emil. Kikija kuulizia huku, nitakiambia hukai hapa."

Sitakudanganya kwamba uoga uliisha. Pale Pittsburgh basi lilisimama nikashuka. Nilisimama kituoni na begi, dereva akaniita mara mbili, nikapanda. Nikasema kimya kimya, kama lazima kiende mahali kije kwangu. Mgongo, haya masikio yaliyobaki, popote. Mimi niko hapa, kiti cha nne, upande wa dirisha. Nilikaa wima usiku kucha nikikingoja.

Hakikuja. Nilikanyaga Indianapolis asubuhi na hakuna kilichotokea, ila lami yenu pale kituoni ni mbaya, mmejaza kokoto kubwa mno.

Kwa hiyo uliponikuta kwenye korido ukaniuliza mbona umepauka hivyo, hiyo ndiyo sababu. Nilikuambia ni chakula cha njiani. Si chakula.

Nilipoingia Rosalie hakuniuliza kama wameshinda. Alinitazama tu, akajua hawajashinda. Akasema, "Baba, umekuja bure?" Nikasema, "Bure kabisa." Sijawahi kuona mtu anafurahi vile kwa timu kufungwa.

Kesho yake Lenora akazaliwa. Jina bado linanigomea mdomoni, nitalizoea. Siku ile pia walifungwa, nimekuja kujua baadaye. Hatukuwa na nafasi ya kujua. Madaktari walipotoka tena hawakuongea kwa upole, waliongea kama watu wanaotaka kwenda kula. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Ijumaa unaikumbuka. Ulikuja mbio kutoka kwenye lori, korido nzima unapiga kelele, "Wameshinda! Baba, wameshinda! Tisa bila!" Nesi anakufukuza nyuma. Watu wanachungulia milangoni. Na mimi nikakuambia nyamaza, amelala.

Najua ulishangaa. Na mimi nilishangaa. Nilingoja neno lile mwezi mzima. Lilipofika nilikuwa na kazi.

Jumatatu yake huku kulikuwa na sherehe. Watu elfu hamsini walikwenda uwanjani kuishangilia timu yenye ushindi mmoja. Wamesimama wanapiga makofi mpaka wachezaji wakaona haya. Hao ndio watu wangu. Hilo pale kwenu hamliwezi, samahani. Lojza alikwenda, wote walikwenda. Ananiambia, "Emil, umekosa usiku ambao hautarudi tena." Nikamwuliza ilikuwa saa ngapi. Akasema saa mbili. Saa mbili nilikuwa jikoni kwenu nampigapiga Lenora mgongoni acheue. Akacheua. Nikamwambia Lojza sikukosa kitu.

Hruby haongei na mimi. Ameapa.

Na wewe Darrell. Siku zile kumi nilikutazama. Unaamka mtoto akilia kabla Rosalie hajafumbua jicho. Unaosha chupa kwa maji ya moto kweli, si ya vuguvugu. Ulimbeba mke wako ngazi zote zile ukamweka kitandani kama unashusha kioo. Mimi nilidhani ulikuja kwetu kuchukua. Nilikosea. Usiisome hii kwa sauti.

Sasa kuhusu Septemba. Rosalie kaniambia mna tiketi mbili za futiboli za msimu mzima, na mwaka huu zitalala kwa sababu ya mtoto. Zisilale. Nimeomba likizo wiki ya kwanza. Nitakuja na basi.

Ndani ya lile banda lenu lenye paa siingii. Usiniombe, wala Rosalie asiniombe. Timu ile nitaisamehe nikishakufa, nikipata nafasi. Lakini pale nje, upande wa lango, niliona benchi, na kuna mti. Wewe na mkeo ingieni. Kaeni mpaka mwisho, msitoke katikati kama watu wa Cleveland. Mimi nitakuwa nje na mtoto.

Baba yako,
Emil